Asumini Ni Nani, na Aliyesema Ni Nani

Masasi, Jumapili. Joto la Novemba, mawingu yanatisha tu, mvua haishuki.

Leo sikufungua banda. Kanda za watu zipo mezani zinasubiri kurekodiwa, na kuna bwana mmoja wa harusi atakuja kunitukana kesho asubuhi, najua. Atukane. Nimekaa uani na chai ya rangi, viatu bado vina vumbi la Newala, nina furaha, nina huzuni, na nina hasira kidogo ambayo sijui nimpe nani.

Ngoja niandike yaliyotokea, pengine nikimaliza nitajua.

Kwa anayeingia humu mara ya kwanza: mimi nina banda la kurekodi kanda hapa karibu na stendi. Unanitajia nyimbo, nakutengenezea kanda yako, unaondoka unacheka. Tangu mambo yawe soko huria na redio za watu binafsi zianze kumwagika hewani, vijana wanataka nyimbo za jana asubuhi. Mimi moyo wangu uko kwenye za zamani. Za zamani ndizo ninazoziandikia kwenye blogu hii, kila nikipata saa moja ya kompyuta pale kwenye kafe ya intaneti na umeme ukiamua kuwepo.

Mwezi uliopita niliandika habari za Asumini wa Newala. Mtu wa umri fulani huku kwetu hawezi kuisikia sauti ile akaendelea na kazi yake. Sauti nyembamba, ya juu, inapanda pole pole na gitaa moja chini yake. Nyimbo zenyewe chache tu. Kwenye santuri wameandika "Asumini" na jina la bendi, basi. Hakuna picha, hakuna jina la baba. Kwamba Asumini lilikuwa jina la kujifichia, hilo hakuna anayebisha. Ubishi ni nani alijificha humo.

Nami nikaandika kile ambacho kila mtu anaandika: Asumini alikuwa mwanamume. Kijana wa bendi mwenye sauti nyembamba, akapewa jina la kike ili santuri inunuliwe. Nilikuwa na vyanzo vitatu, tena nikavitaja kwa mbwembwe. Kipindi cha redio moja ya Dar es Salaam, makala ya gazeti, na mwalimu mmoja wa Newala aliyetajwa ndani ya makala ile.

Maoni yakamiminika. Watu waliniandikia mpaka kutoka Muscat. Niliringa, sitaki kudanganya, niliringa wiki nzima.

Halafu Jumanne ukaingia ujumbe kwenye simu: "Shikamoo dada. Mimi naitwa Zuhura, niko Kitangari. Mama yangu si mwanamume. Njoo umwone."

Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nikausoma tena, safari hii sikucheka.

Siku hiyo hiyo nikapata barua pepe kutoka kwa Elias, mtangazaji wa kile kipindi cha redio. Wanatengeneza CD ya nyimbo za kusini, na Jumapili ijayo, si hii ya leo, kipindi kizima ni cha Asumini. Kaisoma blogu yangu, kaipenda, anataka kunitaja kama chanzo cha habari kwamba Asumini alikuwa mwanamume.

Mimi, chanzo chake? Mimi nilimnukuu yeye!

Nilikaa pale kwenye kafe nikiwa nimeduwaa. Tulikuwa watu wawili gizani, kila mmoja kamshika mwenzake shati akidhani ameshika ukuta. Nikamwandikia Elias pale pale kwamba kuna binti kajitokeza anasema Asumini ni mama yake, asubiri. Akanijibu kwa adabu, lakini ilikuwa adabu ya mtu mwenye haraka: kila mtu huko mikoani ana mama aliyewahi kuimba. Nimpe mashahidi wawili walioona kwa macho yao, si wa kusikia, na sauti zao ziwe kwenye kanda. Mwisho Jumatatu mchana. Nikishindwa, wanakwenda na habari ya mwanamume, kwa sababu imeshaandikwa kwenye gazeti na wasikilizaji wanaipenda.

Nikampigia yule mwandishi wa makala, nikala vocha nzima. Yeye alitoa wapi? Kwa yule mwalimu. Na Elias alitoa wapi? Kwenye gazeti. Kumbe vyanzo vyangu vitatu ni mtu mmoja aliyekaa Newala anasahihisha madaftari.

Ijumaa nikafunga banda, nikapanda Newala.

Mwalimu Mushi ni mtu wa Moshi, anafundisha historia, amekaa Newala mpaka watoto wake wanapenda ming'oko, mizizi ya porini ya huku kusini, kuliko ndizi. Mtu mwema sana. Alinikaribisha soda, akakaa wima kama yuko mbele ya darasa, akaniambia: "Mama Rehema, mimi ni mwalimu wa historia. Siwezi kueneza jambo la kuambiwa. Nilikuwepo."

Alikuwepo msibani. Msiba wa Mzee Athumani wa Kitangari, aliyepiga lile gitaa la Asumini. Mwalimu alikwenda kwa sababu alimsomesha mjukuu wa marehemu. Basi, watu wamejaa, mashehe wapo, jeneza liko pale, akainuka mzee mmoja anaitwa Mzee Chilumba, wa Mkunya, ambaye zamani alipiga manyanga, yale ya kutikisa, kwenye bendi hiyo hiyo. Akatangaza kwa sauti kubwa kwamba Asumini ni yeye. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiimba zile nyimbo zote.

"Na hakuna hata mtu mmoja aliyepinga," mwalimu akasema. "Hata mjane alikuwepo, hakupinga. Sasa niambie, nani atasimama mbele ya jeneza aseme uongo?"

Hapo kitu kikaniwasha shingoni.

"Mwalimu," nikamwuliza, "alikuwa amevaa nini?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli, alitaka kukumbuka sawasawa. "Kanga," akasema. "Mbili. Na kichwani alikuwa na kitu, nadhani sufuria."

"Akafanya nini kingine?"

"Alimwendea mjane akamwambia asogee, ampishe, kwa kuwa yeye ndiye mke mkubwa."

"Na wewe ukaona ni kitu gani hicho?"

"Niliona ni majonzi," akasema mwalimu. "Watu hufanya mambo ya ajabu wakiwa na majonzi."

Jamani! Nilishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Kwa wasomaji wa mbali nieleze. Huku kwetu kuna koo ambazo ni watani wa kuzikana. Mmoja wao akifa, watani wanakuja kufanya fujo. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama alivyotembea, wanamsingizia mambo, wanalala kwenye kitanda chake na kukataa kuamka mpaka wapewe kitu. Waliofiwa wanacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Halafu watani hao hao ndio wanaoshika majembe na kuchimba kaburi. Anachosema mtani msibani hakipingwi na mtu, na hakiaminiwi na mtu. Ukikipinga unaonekana huna akili. Ukikiamini, ndiyo hivyo tena.

Mwalimu Mushi simlaumu, ni mgeni. Mimi je? Mimi ni Mmakua wa hapa hapa Masasi. Siku tunamzika baba yangu, mtani wake alikaa mlangoni na bakora ya marehemu anadai sisi wote ni watoto wake yeye, na mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilipaswa kuuliza kitu kimoja tu: huyo aliyesema ni nani kwa marehemu? Nisingehitaji gazeti wala redio. Lakini habari ikishachapishwa inavua kanga na sufuria, inavaa suti, inakuja kwako imenyooka.

Nilipomweleza mwalimu alivua miwani. Kisha akauliza, taratibu: "Kwa hiyo na ile habari kwamba marehemu alikuwa anaogopa kuku?"

"Hata hiyo, mwalimu."

"Nimeisimulia mpaka kwenye kikao cha wilaya," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka mkewe akaja kuchungulia.

Nililala kwao. Jana asubuhi mume wa Zuhura akaja kunichukua na pikipiki mpaka Kitangari.

Bi Hadija, mama yake Zuhura, nilimkuta barazani anamenya muhogo. Uani korosho zimeanikwa kwenye jamvi, na harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayotengenezewa pombe, imejaa kila mahali. Mama mwembamba, mweusi, mgongo umenyooka. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, akamaliza kipande chake, ndipo akainua macho.

"Wewe ndiye uliyenipa ndevu?"

Nilitamani baraza lile linimeze. Nikasema ndiyo, bibi, ni mimi. Akanisogezea kigoda na kisu. Nikamenya muhogo, yeye akasimulia.

Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yake, kama ilivyo huku kwetu. Na mjomba alikuwa amesema: hakuna binti wa nyumba yake atakayechukuliwa sauti ikasikilizwe na watu wasiojulikana. Athumani wa gitaa, aliyekuwa akimchumbia na ndiye aliyekuja kumwoa, akamwambia sauti haina sura, tuipe tu jina jingine. Hadija akachagua Asumini kwa sababu alipenda harufu yake. Bendi ilipokwenda kurekodi, yeye aliaga kwamba anakwenda kumwuguza shangazi Lukuledi.

Wimbo ulipotoka redioni, mjomba aliusikia dukani. Akarudi nyumbani akakaa mkekani, Hadija akamletea maji ya kunawa. Mjomba akasema kuna mtoto wa watu anaimba vizuri ajabu, bahati mbaya wazazi wake hawana adabu.

"Nikamwagia maji mkononi," Bi Hadija akasema. "Mkono wangu haukutikisika hata kidogo."

Mjomba alikufa bila kujua. Athumani naye akafa. Wengine wote wa bendi wameshatangulia, isipokuwa Mzee Chilumba wa manyanga, ambaye ukoo wake ni watani wa ukoo wa Athumani, na wa Bi Hadija vilevile, tangu enzi za mababu. Bi Hadija akaona sasa hakuna wa kumficha tena, aseme. Lakini kabla hajasema, ule utani wa msibani ulishafika kwenye gazeti. Alipoanza kusema kwamba Asumini ni yeye, wageni walimtazama kwa huruma, na wenyeji walifurahi kupata la kumtania. Pale kwenye foleni ya maji wanamwita Mzee. Mzee Asumini, sogeza ndoo.

Hapo hakucheka. Alisema alijificha kwa mjomba tu, hakujificha kwa wajukuu zake. Anachotaka ni kidogo: redio iseme jina lake, Hadija, mara moja tu, yeye akiwa bado anasikia, na Zuhura aongeze sauti kwa kuwa sikio moja limeshachoka.

Nilimwuliza kama anaweza kuniimbia kidogo kwenye kanda. Akasema sauti iliyobaki ni ya kuitia kuku.

Basi nikajua kazi yangu. Shahidi wa kwanza ninaye, ni mwenyewe. Shahidi wa pili yuko Mkunya, na alikuwepo, na ndiye aliyeanzisha zahama yote. Akisema ukweli kwenye kanda, imekwisha. Nikabeba redio kaseti yangu nikapanda pikipiki, roho juu, najiona kama mpelelezi.

Mzee Chilumba ni mfupi, mchangamfu, masikio makubwa. Niliposema nimetoka Kitangari hakunipa nafasi ya kumaliza salamu. "Umetoka kwa mwanamume mwenzangu? Bado hajanyoa?"

Nikamweleza. Redio, CD, gazeti, Dar es Salaam. Akawa anacheka, halafu cheko likapungua kidogo kidogo.

"Wamesadiki?" akauliza.

"Wamesadiki, baba."

"Watu wazima?"

"Watu wazima. Wengine wana digrii."

Alitazama kwanza pikipiki, kisha ile redio kaseti. "Na yeye inamuuma?"

Nikasema inamuuma.

Akaingia ndani. Nilisikia maji, maji yenyewe ya Mkunya ya kuteka mbali, ananawa uso. Akatoka na kanzu nyeupe iliyokunjwa siku nyingi, akakaa kwenye kiti cha kuegemea lakini hakuegemea. Nikabonyeza kitufe chekundu. Akasema kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwenye mwili ule, nzito, polepole, kwamba anasema kweli mbele ya Mungu. Asumini ni Hadija. Sauti ile ni yake peke yake. Yeye Chilumba alipiga manyanga tu, alimwona akiimba kwa macho yake. Ni mwanamke mwenye heshima, na hajapata kusikia mwimbaji mfano wake. Kama maneno yake ya msibani yamemvunjia jina, anamwomba radhi.

Nilizima mashine nikamshukuru, lakini ukweli ni kwamba sikumwangalia vizuri. Nilikuwa naangalia kanda inavyozunguka. Ushahidi wa macho, sauti safi, hakuna upepo! Kichwani nilishaanza kumwandikia Elias.

Nilikuwa nimemwahidi Bi Hadija kwamba ataisikia kwanza, kwa hiyo nikarudi Kitangari.

Alikuwa amekaa tayari, Zuhura pembeni yake, sikio zima limeelekea kwangu. Nikabonyeza. Mwanzoni alitabasamu, ana ile sura ya mtu anayesubiri kuchokozwa. Sauti ikaendelea. Uchokozi haukuja. Tabasamu likakaa pale bila kazi, kisha likaondoka. Kufika "mwanamke mwenye heshima" akaweka kisu chini. Kufika "namwomba radhi" akashika kifua.

"Zima."

Nikazima.

"Nimemkosea nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hujamkosea, bibi, anasema kweli, ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Akatikisa kichwa. Alisema tangu akiwa msichana Chilumba hajawahi kumsema vizuri hata siku moja. Alipofiwa na mtoto wake wa kwanza hakula mpaka watu wakaogopa. Chilumba akaja, akamkamata kuku wake, akampika mwenyewe jikoni mwake bila ruhusa, akamwita mchoyo mbele ya wakwe, na yeye akacheka, akala. Mtu wa namna hiyo leo anamwita mwanamke mwenye heshima. Anaomba radhi, kana kwamba walikutana barabarani.

"Mtani akishaniomba radhi, utani umekwisha," akasema. "Na utani ukiisha, nani atanizika?"

Zuhura akaanza kulia. Mimi nikaanza kubishana.

Nakiri, nilibishana vibaya. Nilimpandishia sauti mtu wa umri wa bibi yangu, barazani kwake. Nikamwambia Jumatatu ndio mwisho, wanataka mashahidi wawili, bila kanda hii CD itatoka na itasema ni mwanamume, na CD haifutiki, wajukuu wa wajukuu watasoma hivyo. Aliniacha nimalize. Nilimwona anavyoitazama ile mashine. Alikuwa analitaka jina lake, analitaka sana, hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi ninapoandika. Hakujifanya kwamba halitaki.

Nikasema basi, nimpelekee Elias peke yake, asiirushe hewani. Akasema Chilumba atajua kwamba aliisikia akaikubali.

"Futa, mwanangu."

Kufuta kanda kwa redio kaseti hakuna ujanja, unarekodi juu yake. Nikarudisha nyuma, nikabonyeza kitufe chekundu, tukakaa kimya watu watatu tukisubiri ukimya wetu upite juu ya maneno yake yote. Inachukua muda ule ule aliotumia kuyasema. Bi Hadija akachukua kisu akaendelea na muhogo.

Kanda ilipomaliza akaniuliza Chilumba alikuwa amevaa nini. Nikamwambia kanzu. Macho yakamwaka.

"Ukipita Mkunya mwambie anafanana na mwiko uliovishwa foronya," akasema. "Mwambie na manyanga yake hayakuwahi kuendana na wimbo hata siku moja. Athumani alimvumilia kwa sababu alikuwa anajua kubeba ngoma."

Nikapita Mkunya. Nilimkuta pale pale nilipomwacha, kwenye kiti, ndani ya kanzu. Mkewe akaninong'oneza kwamba chakula cha mchana hakukigusa. Aliponiona alisimama, akaniuliza kwa adabu, adabu ya kutia huruma, kama Bi Hadija amepokea.

Nikampa ujumbe neno kwa neno. Mwiko. Foronya. Manyanga.

Alinitazama kwanza kama hajasikia. Halafu yule mzee akacheka! Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kanzu, akaivua kanzu yenyewe akamtupia mkewe, akabaki na fulana na shuka. Akaenda mpaka barabarani akapaza sauti majirani wote wasikie: "Nendeni mkamwambie mwanamume mwenzangu wa Kitangari! Asumini ni mimi! Na hizo ndevu azinyoe kabla sijaja kumzika!"

"Ni wewe, mzee, ni wewe!" wakaitikia kutoka nyumba ya pili, wanacheka.

Na mimi nimesimama hapo na kanda yenye sauti ya kuku na kisu. Shahidi pekee aliyebaki duniani ametoa ushahidi upya, hadharani, na hakuna aliyepinga. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka nao.

Leo mchana nimekwenda kwenye kafe nikamwandikia Elias. Nimemwambia Asumini ni Hadija, nimelisikia hilo kwake mwenyewe. Shahidi wa pili yupo, nimemsikia kwa masikio yangu, na sitampa sauti yake. Nikajaribu kumweleza kwa nini. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, kwa sababu utani ukiuandika kwenye barua pepe unaonekana kama ugonjwa. Akajibu haraka kuliko nilivyotegemea. Habari ya mwanamume ameitoa. Lakini kwa shahidi mmoja ambaye ni mwenyewe, jina la Hadija hawezi kulitaja. Atasema mwimbaji halisi hajathibitishwa.

Nimetoka Masasi mpaka Kitangari na kurudi ili mtu atolewe kwenye mwanamume awekwe kwenye hajulikani.

Nilimpigia Zuhura, akampa mama yake simu. Nikamweleza. Akasema afadhali asijulikane kuliko ndevu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila akaniuliza mara mbili kama kweli hawatalitaja, hata kidogo tu, hata mwishoni. Nikamwambia hawatalitaja.

Nikamwomba ruhusa nyingine. Haya yote nikiyaandika kwenye blogu yangu, pamoja na yale aliyoyasema Mzee Chilumba kwenye kanda, si nitakuwa nimerudisha kile alichoniambia nikifute? Akafikiri. Akasema niandike, kwa sharti kwamba niseme wazi mzee yule alikuwa amelewa mabibo.

Haya, nasema wazi. Alikuwa amelewa mabibo.

Makala yangu ya mwezi uliopita nimeiondoa. Najiuliza ni mangapi mengine ninayoyajua kwa uhakika ambayo yalianza na mtu mwenye sufuria kichwani, na sipati jibu la kunifurahisha. Kesho nitafungua banda, nitatukanwa na bwana harusi, nitarekodi.

Lakini humu ndani mwenye nyumba ni mimi, na hakuna anayenidai mashahidi wawili. Kwa hiyo naandika, asome atakayesoma: Asumini wa Newala ni Bi Hadija, mjane wa Mzee Athumani, mama yake Zuhura, wa Kitangari. Sauti ile ni yake. Nimesema mimi, na mimi si mtani wake.